Kiboko Alivyopiga Marufuku Kisomaji cha Fuko

Paukwa!

— Pakawa!

Hamjala nyie? Paukwa!

— PAKAWA!

Pakawa nini?

— Pakawa ofisi!

Na ofisini mna nini?

— Kompyuta!

Na kompyuta haiguswi mpaka...

— Mpaka mkuu aseme!

Haya, tulieni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, nikishaanza sitaki.

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulikuwepo, wanyama walikuwa na Ofisi ya Maji. Mkuu wake alikuwa Kiboko. Karani wake alikuwa Fuko, yule mdogo anayechimba chini, asiyeona. Wanyama walituma barua za kuomba maji ya bwawa, Fuko akazipokea kwenye kompyuta, akapanga zamu. Swala Jumatatu, Pundamilia Jumanne, kila mtu na siku yake.

Mtauliza, asiyeona anasomaje? Ngojeni basi, mna haraka ya kwenda wapi? Kwenye kivinjari chake, ile programu ya kufungulia mtandao, Fuko alikuwa amepachika kiprogramu kidogo kiitwacho kisomaji. Barua ikiingia, ting! Kisomaji kinamsomea sikioni. Kuandika hakukumpa shida, vidole vyake vilijua kila herufi ilipo.

Sasa Kiboko alikuwa na tamaa, jamani! Bwawa lote alilitaka yeye. Akawaza: barua zisiposomwa, hakuna zamu. Pasipo zamu, maji yote yangu. Kesho yake akabandika tangazo ukutani: "Ni marufuku kupachika kitu chochote kwenye kompyuta za ofisi bila sahihi ya mkuu. Usalama kwanza!"

Tangazo lenyewe Fuko hakuliona. Alijua tu pale mkuu alipokifuta kisomaji, kikakata kauli katikati ya barua ya Swala.

Akaenda bwawani. "Mkuu, shikamoo. Naomba kisomaji changu."

"Marahaba. Jaza fomu. Usalama kwanza!" Kiboko akazama, chubwi!

"Sawa, mkuu. Nitarudi."

Siku ya pili akarudi na fomu. "Mkuu, shikamoo. Fomu hii hapa."

"Marahaba. Fomu hii ya zamani, siku hizi kuna mpya. Usalama kwanza!" Chubwi!

"Sawa, mkuu. Nitarudi."

Siku ya tatu akarudi na fomu mpya. "Mkuu, shikamoo. Mpya hii hapa."

"Marahaba. Lete nakala saba. Usalama kwanza!" Chubwi!

"Sawa, mkuu. Nitarudi."

Na jua lilikuwa linawaka, wee acha tu. Swala akaja dirishani, sauti imemkauka. "Kaka Fuko, barua yangu umeisoma? Mwanangu hasimami tena."

Fuko akaumia sana. Akashindwa hata kumdanganya. "Bado, dada. Lakini mwanao atakunywa. Wallahi atakunywa."

Akamfuata Tembo, mlinzi wa lango la bwawa. Tembo akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, pasipo zamu mimi lango silifungui mpaka mkuu atamke hadharani. Akitamka, hata usingizini nafungua."

"Akitamka tu?"

"Akitamka tu."

Fuko akaenda zake, anachekea tumboni.

Basi Kiboko akamwita. "Fuko! Ijumaa ni Siku ya Usalama wa Kompyuta. Nitahutubia. Niandikie hotuba, na iwe ndefu!"

Nanyi mnawajua wakubwa. Hotuba anaandika karani, mkubwa anasoma. Kiboko hakuwahi kuipitia hotuba hata siku moja. Aliipima uzito mkononi, basi. Ya Ijumaa ikawa kurasa kumi na mbili. Akaipima. "Safi!"

Wanyama wakajaa, ndimi nje kwa kiu. Kiboko akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Usifungue usichokijua!"

Makofi, pwa pwa pwa!

"Usipokee kitu kabla hujakikagua!"

Pwa pwa pwa!

Kiboko akavimba. Akageuza kurasa, akageuza, akafika ya mwisho.

"Kwa hiyo natamka! Fuko arudishiwe kisomaji chake leo hii!"

Pwa pwa pwa!

"Natamka! Lango la bwawa lifunguliwe kwa wote sasa hivi!"

Aa! Uwanja ukalipuka. Vigelegele, vifijo, Pundamilia anagaragara chini. Kiboko hakuwahi kushangiliwa namna ile, akaona leo ametisha. Akapaza sauti zaidi.

"Na atakayepinga tamko hili, hata kama ni mimi mwenyewe, ofisini atoke!"

Hapo ndipo masikio yake yaliposikia mdomo wake. Akarudisha ukurasa, akausoma upya kimya kimya, jasho linamtoka. Nyuma yake lango limeshafunguka, kriii! Maji, shwaaa!

"Natengua!" akafoka. "Natengua tamko!"

Tembo akasogea taratibu. "Mkuu, anayepinga anatoka."

Kiboko akakaa.

"Fuko! Umeniandikia nini wewe?"

Fuko akainama kwa adabu. "Mkuu, nitajuaje? Mimi sioni, na kisomaji ulikifuta. Ningeikaguaje hotuba? Nilijua wewe mwenye macho utaikagua. Usalama kwanza."

Kule bwawani mtoto wa Swala alikuwa ameshaingiza pua yote majini, anakunywa, anapumzika, anakunywa tena. Mama yake analia na kucheka. Jumatatu asubuhi kompyuta ya Fuko ikasema ting! Barua ya kwanza ilitoka kwa Kiboko, anaomba zamu. Akapewa Alhamisi, baada ya Nguruwe.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitafune mwenyewe.

Na funzo lake, watoto wazuri: kanuni za kazini zifuateni zote, msipachike kitu bila ruhusa, na mkuu wenu mtiini kwa kila neno. Hasa lile mlilomwandikia.