Jina la Kadogo

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani za juzi tu, Masika alikimbia vita akiwa na mimba. Aliona nyumba yake ikiungua, na mumewe, Paluku, yumo ndani. Akafika kambini hasemi neno. Akajifungua binti, na kwao jina la mtoto hutamkwa kwanza na mama, sikioni mwa mtoto. Sasa mama hasemi! Miezi minane mtoto akaitwa Kadogo tu, na Masika kila akisikia, moyo unamuuma.

Jirani yake, Bi Nyamvura, aliona anavyotetemeka mbele ya moto. Basi akawa anampikia kila siku, na kumkorogea mtoto uji. Hakumuuliza kitu.

Generoza, daktari wa akili, yeye aliuliza! Alifunga mlango, akafungua daftari. "Haya mama, nieleze yaliyokupata." Masika akaruka dirishani, akakimbia. Loo, aibu gani hiyo! Kesho yake Generoza akaja bila daftari, akaketi naye nje mkekani, wakachambua maharage kimya. Akampa na dawa, Masika akaanza kupata usingizi. Akawa anakuja kila Jumanne.

Kisha Kanyere, wa kijiji kimoja na Masika, akasema, "Wafu wetu hatujawalilia. Tuweke matanga."

"Utamtonesha kidonda!" Generoza akakataa.

Kanyere akatandika mikeka hata hivyo. Wanawake wakalia, wakataja wafu mmoja mmoja. Walipomtaja Paluku, sauti ikapasuka: "Paluku wangu!" Ni Masika. Alilia mpaka akachoka, kisha akaomba maji, kwa kinywa chake mwenyewe. Generoza akamkumbatia huku naye analia.

Ikabaki jina. Kwao, mwanamke ambaye mtoto amepewa jina lake huwa mama yake wa pili, maisha yote.

"Huyu wangu," akasema Bi Nyamvura. "Bila uji wangu, leo mngempa nani jina?"

"Na bila usingizi," akasema Generoza, "mama yake angeyaweza hayo matanga?"

Kanyere akacheka. "Nyie mlikaa na bubu. Aliyesema, alisema kwenye mikeka ya nani?"

Masika akawatazama. Aliwapenda wote watatu, akawapenda hadi machozi yakamlengalenga. Akamwinamia Kadogo sikioni, akafungua kinywa.

Haya, nyie wajuaji mliokaa hapo: je, nani alistahili kutajwa?