Mghoi na Vifutu Wake

"Mkwepa mfuga nyoka humkuta nyoka njiani." Mmeisikia kwa mama zenu leo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ilikotoka. Ketini basi, niwaeleze ilivyoanza.

Katika kijiji cha Mwarungu, kando ya mashamba ya mkonge, palikuwa na mwanamke aitwaye Mghoi. Mumewe, Mwakio, alikuwa mkata mkonge. Asubuhi moja alimkanyaga kifutu, yule nyoka mnene, mvivu, asiyempisha mtu. Akaumwa, akakimbizwa zahanati akadungwa dawa iliyokuwapo, lakini mguu ulizidi kuvimba, na siku ya tatu akafa.

"Dawa haikuwa mbovu," Daktari Righa alimwambia Mghoi. "Ila ilitengenezwa kwa sumu ya nyoka wa nchi nyingine. Nyoka wa huku haiwawezi."

"Na dawa ya nyoka wa huku?"

"Bado tunaitafuta. Tunahitaji sumu yao, na mahali pa kuwafugia. Kila tulikoomba tumekataliwa."

Mghoi aliutazama ua wake, uliokuwa mpana mno kwa mtu mmoja. "Waleteni kwangu," akasema.

Wakajenga kibanda cha matofali, wakaweka masanduku ya wavu na kufuli mbili mlangoni. Mghoi akawa mlezi wa vifutu kumi na wanne. Aliwalisha panya, akawabadilishia maji. Kila mwezi daktari alikuja kuwakamua sumu, akaipeleka mjini, ambako farasi walidungwa kidogo kidogo hadi damu yao ikazoea kupambana nayo. Katika damu hiyo ndimo ilimotafutwa dawa.

Watu hawakuyaona hayo. Walimwona mjane anayeishi na nyoka. Watoto wakakatazwa kukanyaga uani kwake. Kanisani, benchi alilokalia likabaki lake peke yake. Lakini aliyemuumiza zaidi ni Mkamburi, mdogo wake wa tumbo moja. Zamani Mkamburi akienda kisimani alipitia kwa dada yake wakanywa uji. Sasa alizunguka mbali, katikati ya mkonge wa zamani ulioachwa ukawa kichaka. Mghoi aliiona ndoo yake ikipita juu ya majani, lakini hakumwita. Alisonga ugali wa mtu mmoja, akala, akaosha sahani moja.

Miaka sita ikapita hivyo. Mara mbili dawa ilijaribiwa maabarani ikashindwa, na mara mbili daktari akaja kinyonge, akasema, "Tuanze upya, mama." Wakaanza.

Mwaka wa saba chupa za kwanza zikafika zahanati. Mwezi haukuisha, Mkamburi akaumwa na kifutu katika kile kichaka. Alidungwa dawa mpya, na kufikia alasiri uvimbe ulikuwa umekoma. Mghoi alipoingia, alimkuta amelala macho wazi.

"Ulikuwa unakwenda wapi huko kichakani?"

"Kisimani."

"Kisimani? Si unapita mlangoni kwangu tu, umefika?"

Mkamburi aligeukia ukuta. "Nilikuwa nakukwepa, dada. Niliwaogopa nyoka wako."

"Wangu wamefungiwa," Mghoi akasema taratibu. "Aliyekuuma ni yule asiye na mwenyewe."

Muuguzi aliyekuwa akifunga kidonda aliyasikia, akayapeleka sokoni. Huko yakapita mdomo hadi mdomo, yakafupishwa, yakawa methali.

Wiki mbili baadaye Mkamburi alisimama mlangoni kwa dada yake, akichechemea, akabisha hodi. Akabisha tena. Mghoi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mwiko mkononi. Ukimtoa daktari, hakuna aliyembishia hodi miaka yote ile, na neno la kumwitikia ndugu lilikuwa limempotea. Alipolipata, lilitoka pamoja na machozi.

"Karibu."

Wengine walichelewa zaidi kuja, na wako ambao hawakuja kabisa. Kwa hiyo mkiisikia tena, wanangu, msicheke. Mkwepa mfuga nyoka humkuta nyoka njiani.