Yoyo Ilivyojifunza Kulala

Zamani, wakati yoyo zilikuwa bado hazijui kupumzika, palikuwa na vijiji viwili vilivyotazamana, kimoja juu ya kilima hiki na kingine juu ya kilima kile, na katikati yake bonde lenye mto. Huku kuliitwa Vumbe na kule kuliitwa Kisindi. Mtu wa Vumbe akikohoa asubuhi, watu wa Kisindi walijua ni nani mwenye mafua. Lakini kwenda kumpa pole ilikuwa safari ya kushuka na kupanda mpaka jua likafika utosini.

Yoyo za siku hizo zilifanana na za leo kwa sura. Zilikuwa na visahani viwili vya mti, kijiti kifupi cha kuviunganisha, na uzi. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba uzi ulifungwa kwenye kijiti kwa fundo, ukakazwa sana. Ukiirusha yoyo ilishuka mpaka uzi ukaisha, na papo hapo ikapanda kurudi, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Chini haikukaa hata kidogo.

Vijiji hivyo vilikuwa na soko moja, na soko hilo lilihamishwa kwa mchezo. Kila mwaka, maharage yakishavunwa, mchezaji mmoja wa kila kijiji alishuka mtoni na yoyo yake. Atakayefanya jambo ambalo mwenzake hawezi kulirudia, kijiji chake kilipewa soko mpaka mavuno mengine. Kwa miaka saba mfululizo soko lilikaa Kisindi. Watu wa Vumbe walishuka na mizigo na kupanda na mizigo, na jioni waliziacha ndizi kwa bei ya huruma, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kurudi nazo nyumbani.

Fundi wa yoyo wa Vumbe aliitwa Mavoa. Alichonga vinu na vigoda pia, lakini sifa yake kubwa ilikuwa fundo. Alifundishwa na baba yake, naye alifundishwa na babu. Fundo hilo likishafungwa halikufunguka tena, labda likatwe kwa kisu, na katika ukoo wao bwana harusi alilifunga mbele ya wakwe kabla hajapewa mke. Miaka hiyo saba Mavoa alitengeneza yoyo saba, na zote zilishindwa. Hakuna mwaka hata mmoja aliomwuliza mchezaji anataka nini. Alimkabidhi yoyo asubuhi ya mashindano, basi, kama mgeni anavyosogezewa kigoda.

Mwaka wa nane vijana wa Vumbe wote walikataa kucheza, wakisema wamechoka kuchekwa. Ndipo Bibi Nakijwa akaingia uani kwa Mavoa, akiwa na fimbo mkono mmoja na kibuyu cha ugoro kikining'inia shingoni. Alikuwa mjane aliyeishi kwa kuuza ndizi. Usichanani mwake hakuna aliyemshinda kwa yoyo katika vilima vyote viwili.

"Mwaka huu nacheza mimi," akasema.

Mavoa akamtazama miguu. "Bibi, na hayo magoti?"

"Siku hizi yoyo inachezwa kwa magoti?" Akakaa kwenye kinu ambacho hakijaisha kuchongwa. "Sikiliza, mwanangu. Hicho kilima cha Kisindi sitakiweza tena. Soko lisiporudi huku, mimi na ndizi zangu tumeagana. Kwa hiyo sitacheza na kitu nitakachopewa asubuhi yake. Wewe utachonga, mimi nitacheza, na kila nitakachokiona nitakwambia."

Mavoa hakuzoea kuambiwa, lakini alikubali kwa heshima. Akachonga yoyo ya mninga. Bibi akaicheza siku mbili akairudisha. "Nzito. Inanivuta bega kama mbuzi wa kununuliwa." Akachonga ya mkuyu. "Nyepesi. Upepo unaicheza kuliko mimi." Akapanua visahani, akavipunguza, akapaka mafuta, na kila mara Bibi alirudi akiwa na la kusema. Watoto walianza kumfuata nyuma wasikie leo yoyo imekosea nini. Mavoa naye, ingawa hakukiri, alianza kumsubiri.

Siku moja Bibi akasema alilokuwa analizunguka tangu mwanzo. "Mti sasa ni mzuri. Lakini inarudi upesi mno. Nataka ishuke, ikae chini kidogo, iniache nifanye langu, kisha irudi nikiiita. Legeza fundo."

Mavoa akaweka patasi chini. "Bibi, fundo hili ni la baba."

"Najua. Nilimfahamu baba yako kabla hujamfahamu wewe. Legeza kidogo."

"Likilegea si fundo tena."

Bibi alichukua fimbo yake akaondoka, na yoyo akaiacha juu ya kinu. Siku tatu hakurudi. Uani kwa Mavoa kukawa kimya, na ule ukimya ulimsumbua kuliko maneno yote ya Bibi. Siku ya nne akaichukua ile yoyo, akaenda kwake kumwomba radhi, ingawa fundo hakukusudia kuligusa.

Njiani alimpita mbuzi wake mwenyewe, aliyefungwa kwenye kigingi kwa lile lile fundo la ukoo. Mbuzi alikuwa amezunguka na kuzunguka mpaka kamba yote ikajisokota kwenye kigingi, pua imegusa mti, na majani mazuri yako nyuma yake. Ilikuwa hivyo kila siku. Kila siku Mavoa alimzungusha kumrudisha, na kila siku alimlaumu mbuzi.

Alipofika kwa Bibi Nakijwa akakuta mbuzi mwingine kwenye kigingi kingine, naye alikuwa anakula kwa raha. Alizunguka akala huku, akazunguka akala kule, na kamba ikamfuata bila kujisokota. Mavoa akachuchumaa. Kamba ile haikufungwa kwenye kigingi. Ilikuwa na kitanzi kipana kilichovishwa tu, kikazunguka pamoja na mbuzi.

"Nani alikufundisha hii?" akauliza.

"Magoti," Bibi akajibu kutoka mlangoni. "Siwezi kuinama kila saa kumfungulia mbuzi."

Mavoa akamtazama mbuzi akizunguka mara ya tatu, ya nne, ya tano. Kisha akaomba kisu. Alilikata fundo la baba yake palepale. Akakunja uzi mrefu wa pamba katikati, akausokota pande mbili ziwe moja, na kwenye mkunjo akauachanisha, pakatokea kitanzi. Akakipitisha juu ya kisahani mpaka kikakaa kwenye kijiti, kimevaliwa tu, hakikufungwa. Akampa Bibi.

Bibi akarusha. Yoyo ikashuka, na haikupanda.

"Imekufa," Mavoa akasema, na moyo wake ukashuka nayo.

"Haijafa. Sikiliza."

Akasogeza sikio. Kule chini, mwisho wa uzi, yoyo ilikuwa inazunguka mahali pamoja ikivuma taratibu.

"Aliyelala anapumua," Bibi akasema. Akautingisha uzi kwa kidole, yoyo ikashtuka ikapanda mpaka kiganjani. Mavoa akacheka mpaka mbuzi akaacha kula.

Siku zilizobaki walifanya kazi wote uani. Kijiti kikikwaruza, Bibi alisema yoyo inakoroma, Mavoa akakilainisha kwa majani ya msasa. Kikilainika mno, Bibi alisema imelala fofofo haisikii kuitwa, Mavoa akakikwaruza tena kidogo. Hatimaye ikalala vizuri na kuamka vizuri, nao wakaiacha.

Siku ya mashindano watu walijaa kingo zote mbili za mto. Mchezaji wa Kisindi alikuwa Kilavo, kijana mwenye mkono mwepesi. Alipomwona Bibi anashushwa mteremko na watu wawili akatabasamu.

"Shikamoo, Bibi. Umekuja kucheza au kuomba moto?"

"Marahaba, mume wangu. Nimekuja kukutafuta, umenitelekeza."

Watu wakacheka, na Kilavo akacheka nao. Alirusha yoyo yake mbele, pembeni, juu ya kichwa, mara kumi bila kupumzika. Bibi akairudia michezo yote, mmoja mmoja, polepole, bila kukosea. Kisha zamu yake ikafika. Akarusha chini. Yoyo ikashuka, ikakaa.

Kingo zote zikanyamaza. "Imekufa hiyo," mtu wa Kisindi akasema. "Leteni jembe tuizike." Mavoa alijua haijafa, lakini hata hivyo alitega sikio asikie kama inavuma.

Bibi Nakijwa hakujali. Kwa mkono wa pili alifungua kibuyu chake, akamimina ugoro kidogo nyuma ya kiganja cha mkono uleule ulioshika uzi, akakiinua kiganja puani akavuta. Yoyo ikazidi kuvuma chini. Uso wa Bibi ukajikunja, akafumba macho, akapiga chafya kubwa mwili mzima. Yoyo ikaamka, ikapanda, ikatua kiganjani.

"Afya, Bibi," watu wa Vumbe wote wakasema kwa mazoea, kisha ndipo wakaelewa kwamba wameshinda.

Kilavo alijaribu mara tatu. Kila mara yoyo yake ilirudi mbio ikamgonga vidole. Mwishowe akaomba kuiona ya Bibi, akaufuata uzi mpaka ndani. "Kumbe haikufungwa," akasema. Mavoa akamwahidi kumtengenezea yake. Soko likahamia Vumbe, na Bibi Nakijwa akauza ndizi zake akiwa amekaa mlangoni kwake, miguu ameinyoosha.

Na tangu siku hiyo uzi wa yoyo haufungwi kwenye kijiti, unavishwa tu, na fundi haiuzi yoyo mpya mpaka mchezaji aishike kwanza na kusema lake. Anayeufunga kwa fundo hugongwa vidole, nasi husema amesalimiwa na Mavoa. Yoyo ikilala, walio karibu hunyamaza wasije wakaiamsha kabla ya wakati wake. Na ikipanda ikatua kiganjani, wote husema kwa pamoja, hata kama mchezaji ni mvulana wa miaka sita: "Afya, Bibi."