Leso Kavu ya Mama Eufrazia

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani, nami nawapokeza kama nilivyoipokea, kwamba katika mji mmoja mdogo wa Misri, kando ya mto Nile, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Eufrazia. Zama hizo kila kanisa lilikuwa na wajane wake, wanawake waliowekwa wakfu kwa sala na huduma. Wao ndio waliowauguza wagonjwa, wao ndio walioosha maiti za wanawake na watoto, na wao ndio walioketi na wafiwa tangu matanga hadi arobaini. Kazi hiyo si ya kila mtu. Wapo watu ambao wakiingia msibani, wafiwa ndio wanaoanza kuwafariji wao.

Eufrazia hakuwa wa namna hiyo. Alisifika mji mzima kwa jambo moja: popote alipoingia, kilio kilikoma. Alikuwa na leso nyeupe ya kitani aliyoikunja mara nne na kuishika kiganjani. Akimwona mfiwa machozi yanamlengalenga, aliinua leso ile, akayafuta kabla hayajafika shavuni, akasema kwa upole, "Basi, mwanangu, basi. Mwenye imani halii. Ukilia, unamshitaki Mungu." Mfiwa akanyamaza. Watu walisema ni karama, wakamwita Mkausha Machozi, naye jina hilo hakulikataa.

Mwenyewe alikuwa amefiwa. Miaka kumi na mmoja kabla ya hayo, mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka tisa, alishikwa na homa siku tatu akafariki. Kaburini Eufrazia alisimama wima akaimba zaburi hadi mwisho, waimbaji wenyewe walipokuwa wameshindwa. Kasisi Apoloni, aliyekuwa ndiyo kwanza amepewa daraja, akaugeukia umati, akasema, "Itazameni imani. Mama huyu hakudondosha hata chozi moja." Neno hilo likaenea nyumba kwa nyumba. Tangu siku ile maskini Eufrazia hakuwa tena na mahali pa kulilia, maana mtu akishasifiwa kwa kubeba mzigo, ni nani tena atakayemtua?

Mara nyingine alipokuwa akikanda unga wa mikate, kitu kilimpanda kutoka kifuani kikamkaba kooni. Alikimeza, akasali kwa sauti, akaendelea kukanda. Alijiambia kwamba ni vishawishi vya Ibilisi. Jina la mwanawe hakulitaja, na watu nao, kwa kumstahi, hawakulitaja mbele yake.

Basi ukaingia mwaka wa njaa. Katika mwaka huo Zenobia, mke wa Koluthi mfinyanzi, alijifungua pacha, wa kiume na wa kike, baada ya kungoja miaka sita. Furaha ya nyumba ile haikuelezeka. Koluthi alifinyanga vikombe viwili vidogo sana, watoto hata meno hawana. Mwezi wa tatu yule wa kiume, jina lake Antimo, akapatwa na kifua. Hakumaliza juma.

Mama Eufrazia alimwosha mtoto kwa mikono yake, akamvisha sanda, kisha akaenda kuketi ubavuni mwa mama yake. Zenobia alifumbua kinywa apige ukemi. Leso ikamwahi.

"Basi, mwanangu. Mwenye imani halii."

Sasa sikilizeni. Wengi waliowahi kufutwa machozi na Mama Eufrazia walikuwa na akili zao. Walinyamaza mbele yake kwa heshima, akishatoka wakaenda kulilia jikoni. Zenobia hakuwa na ujanja huo. Alikuwa mtiifu, na neno aliloambiwa na mtumishi wa Mungu alilitii kwelikweli.

Siku ya kwanza watu walimsifu. Siku ya tatu wakaona hasemi. Kufika siku ya tano alikuwa ameketi ameuelekea ukuta, akipewa chakula anakishika tu mkononi, na maziwa yake yakakauka. Yule pacha aliyebaki, Anisia, alivuta titi likawa halitoi kitu, akalia, akavuta tena. Jirani mmoja mwenye kunyonyesha alimchukua mara mbili kwa siku, lakini mwaka ulikuwa wa njaa na maziwa yake hayakuwatosha watoto wawili. Ya mbuzi yalimkataa tumboni. Siku ya kumi sauti ya mtoto ilikuwa imepungua ikawa kama ya paka mchanga aliyefungiwa ghalani.

Kila siku Mama Eufrazia alikuja. Alisali, akaimba, akamshika Zenobia mkono ule wa baridi, akarudi nyumbani na hofu kubwa zaidi ya jana. Siku hiyo ya kumi, alipokuwa akitoka, Koluthi alimfuata hadi mlangoni. Alikuwa pande la mtu, mikono imejaa udongo, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, sina ubavu wa kukukosea heshima," alisema. "Lakini nilikukabidhi mke wangu akiwa analia. Tafadhali nirudishie hata huyo anayelia. Huyu wa sasa ataniulia na mtoto aliyebaki."

Eufrazia alitoka, leso ikiwa bado kiganjani. Alikwenda moja kwa moja kanisani, akamkuta Kasisi Apoloni, ambaye sasa alikuwa ameanza kuota mvi, akitia mafuta katika taa.

"Baba, nimefanya yote," alisema. "Nimesali, nimefunga, nimemfariji kama ninavyowafariji wote. Mtoto anakufa mbele ya macho yangu. Nimekosea wapi?"

Kasisi aliweka chombo cha mafuta chini. "Mama, wewe mwanao ulimlilia lini?"

"Sikumlilia." Eufrazia aliinua kichwa. "Wewe mwenyewe ulikuwapo, Baba. Wewe mwenyewe ulinisifu."

Uso wa Apoloni ukawiva kwa haya.

"Nilikusifu, ndiyo," alisema. "Na leo nakuomba msamaha kwa sifa hiyo. Nilikuwa kijana, Mama, na yale yalikuwa mazishi ya kwanza ya mtoto kuyaongoza mimi. Niliona kwamba ukilia wewe, na mimi nitaangua kilio mbele ya watu, nikiwa na mavazi yangu mapya ya kikasisi. Ukaimba, nikapona. Nikaiita imani, kumbe ilikuwa nafuu yangu mimi. Miaka yote hii nimekuona ukizunguka na leso ile, na sikuwa na uhodari wa kukwambia."

Eufrazia aliishika nguzo. Alitaka kukasirika, na haki ya kukasirika alikuwa nayo, lakini alichokiona machoni pake ni Zenobia ameuelekea ukuta, na kifuani alihisi kile kitu cha siku zote kikipanda. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Safari hii hakukimeza.

"Basi nimefundisha uongo," alisema taratibu.

"Tumefundisha," akasema kasisi. "Tangulia wewe kwa Zenobia. Mimi nitaungama Jumapili mbele ya kanisa zima."

Eufrazia alirudi njia ile ile, jua likiwa bado juu. Siku nyingine zote alikuwa akiketi kwenye kigoda alichopewa kwa heshima. Siku hiyo aliketi chini, sakafuni, magoti yakigusana na ya Zenobia, na mtoto amelala kati yao hana nguvu hata ya kupinda vidole.

"Mwanangu," alisema, "nimekuja kuungama. Nilikwambia mwenye imani halii. Si kweli. Hayo hayakutoka kwa Mungu, yalitoka kwangu, kwa sababu kilio chako kingeniamshia changu. Nisamehe."

Zenobia hakugeuka.

Eufrazia akaendelea, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alisimulia habari za mwanawe. "Nilipokuwa nikikanda mikate," alisema, "alikuwa akininyofolea unga, anafinyanga ndege, ananiletea niwaoke pamoja na mikate ya watu. Ndege wenyewe hawana sura ya ndege. Na siku ya kumzika nilirudi nyumbani nikamkuta mmoja juu ya kinu, amekauka, ana alama za vidole vyake, nikamtupa nje haraka kabla sijamtazama sana." Hayo yote aliyasema kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma orodha. Alikuwa amedhani atalia, na machozi hayakuja. Akaogopa mno. Akawaza kwamba pengine ameyakataa muda mrefu hata yamemkataa.

Ndipo midomo ya Zenobia ikacheza. Neno lake la kwanza baada ya siku kumi lilitoka limekwaruza.

"Aliitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Miaka kumi na mmoja watu walimstahi, wakamsifu, wakambusu mkono, na hakuna aliyeuliza.

"Horioni," alisema Eufrazia. "Aliitwa Horioni."

Jina likatoka, na likatoka na vyote vilivyokuwa nyuma yake. Alilia Mama Eufrazia, na wala si kilio cha kupendeza. Alilia kwa kamasi na kwikwi, kilemba kikamwanguka, akaita Horioni, Horioni, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Mkono wake kwa mazoea ukaitafuta leso. Zenobia akaudaka ule mkono.

"Usifute, Mama," alisema. Kisha uso wake wote ukakunjamana. "Wangu aliitwa Antimo."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ukemi aliopiga Zenobia uliwafikia majirani wa mtaa wa pili. Huko kwenye tanuri Koluthi aliangusha mtungi aliokuwa ameshika, akakimbia. Majirani nao wakakimbia, kila mmoja akijua kwamba sasa mtoto amekufa, na bibi mmoja aliyekuwa mwepesi wa misiba aliingia mikono kichwani akiwa ameshaanza kuomboleza kabla ya kujua anamwomboleza nani.

Walichokikuta ni wanawake wawili wamekumbatiana sakafuni wakilia kwa sauti. Anisia, aliyeshtushwa na kelele, alikuwa akipiga zake pia kwa nguvu zilizombakia, amewiva usoni, ana hasira ya mtu aliyesahauliwa. Zenobia akamwinua bila kufikiri, akamweka kifuani huku analia. Mtoto akavuta. Akanyamaza. Akavuta tena, na Eufrazia aliyekuwa karibu akaona mbele ya vazi la Zenobia, upande wa pili, doa la majimaji likitanuka.

"Nani amekufa?" aliuliza yule bibi, mikono bado kichwani.

"Hakuna!" Koluthi alipaza sauti, na mwenyewe machozi yanambubujika katika ndevu. "Hakuna aliyekufa, wanalia tu! Mungu asifiwe, jamani, wanalia!"

Mimi hayo siyaiti muujiza. Wakunga wanajua kwamba moyo uliofungwa hufunga na maziwa, na wala hayakuja mengi siku ile. Yalikuja kidogo, kesho yakaongezeka, Zenobia akala uji bakuli zima, na juma la pili mtoto alikuwa akishiba hadi anacheua. Lakini alasiri ile wale wanawake majirani hawakurudi makwao. Waliketi chini, mmoja mmoja, na kila mmoja akalilia hadharani mtu wake ambaye zamani alimlilia jikoni. Walilia wee, kisha mmoja akacheka kwa kumkumbuka marehemu mumewe na vituko vyake, wakacheka wote. Nyumba ikawa nyepesi. Eufrazia alirudi kwake akiwa amechoka kama mtu aliyetoka shambani kuvuna, akalala hadi asubuhi usingizi ambao hakuwa ameujua tangu amzike Horioni.

Jumapili Kasisi Apoloni alisimama akaungama kama alivyoahidi, na alipofika mahali pa mavazi mapya wapo waliocheka, naye akacheka nao. Mama Eufrazia aliendelea na huduma yake miaka mingi. Leso alikuwa nayo bado, ila aliyeitumia zaidi ni yeye. Akiingia kwa wafiwa aliketi chini, akauliza, "Aliitwa nani?" Kisha akangoja, hata kama kungoja kulichukua siku nzima.

Alipofariki, aliyelia kupita wote kanisani alikuwa Anisia, ambaye wakati huo alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto. Mjane mmoja mgeni katika huduma, kwa bidii yake, akamwendea na leso mkononi. Zenobia, aliyekuwa amezeeka, akamdaka kifundo cha mkono.

"Usimfute," alisema.

"Basi nifanyeje, Mama?"

"Muulize, aliitwa nani."

"Lakini sote tunajua aliitwa nani."

"Muulize."

Yule mjane akaketi chini akauliza, na Anisia akasimulia hadi jua likaenda upande.

Ndugu zangu katika imani, subira ni jambo jema na tumaini ni jambo jema, lakini tusiwe wakali kuliko Mola wetu. Yeye, yasema Injili, alijua kwamba kitambo kidogo tu rafiki yake aliyekufa angetoka kaburini akitembea kwa miguu yake. Alijua, na bado alisimama pale na dada za marehemu, akalia.