Darubini Hainyooshi Mtutu

Darubini hainyooshi mtutu. Mliisikia jana kwa fundi Sizya, alipomkuta jirani akipaka rangi mpya juu ya ukuta wenye ufa, mkacheka mpaka mkashika mbavu. Leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, na wewe Mwasiti weka hiyo simu chini, maana maneno haya hayakuzaliwa penye kicheko. Nitawaambia kama nilivyoambiwa na mama yangu, ambaye Ngole, mwenye kisa hiki, alikuwa shangazi yake wa ukoo.

Zamani hizo kijiji chetu cha Itundwe kilizungukwa na pori pande zote. Mahindi yakianza kukomaa, nguruwe pori walishuka mashambani kwa makundi, na familia iliyolala ikiwa na shamba iliweza kuamka haina. Ndipo kikaundwa chama cha walinzi, watu wenye vibali na bunduki, chini ya Mzee Katabi. Nyumba iliyotoa mlinzi, shamba lake lililindwa na chama kizima kwa zamu. Nyumba isiyotoa mlinzi ilijitetea kwa kupiga makopo, na nguruwe wa Itundwe walikwisha kuyazoea makopo.

Mihambo alikuwa mrina asali aliyefiwa na mkewe, na nyumba yake haikuwa na mlinzi. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, huyo Ngole. Alipokuwa mdogo Ngole aliugua surua, akapona, lakini ugonjwa ulimwachia chamba cheupe katika jicho la kushoto. Jicho la kulia lilikuwa zima kabisa. Angeweza kuuona mzinga juu ya mti kabla baba yake hajauona mti wenyewe. Lakini mnawajua watu. Kwao alikuwa Ngole Chongo, na aliposema kwamba yeye ndiye atakayeingia kwenye chama cha walinzi, kisimani palikuwa na kicheko cha siku nzima.

Mihambo hakucheka, ila moyoni alikuwa na wasiwasi uleule wa wale waliocheka. Hili mlishike, maana ndilo lililomponza.

Chama kilikuwa na desturi yake. Anayeomba kuingia alilenga mara tatu kibuyu kilichowekwa juu ya kigingi, mbele ya kijiji kizima. Na yule aliyemnunulia bunduki alisimama ubavuni mwa kibuyu, kiasi cha mkono mmoja kutoka hapo, mpaka mlengaji amalize. Msishangae. Wazee waliiweka desturi hiyo baada ya kuona wazazi wanawanunulia watoto wao vyuma vibovu kwa kubania fedha, kisha vinawapasukia usoni. Walisema, anayempa mtoto silaha naye aijue kwa ngozi yake mwenyewe.

Basi Mihambo akauza asali ya msimu mzima, akaenda mjini na binti yake kwenye duka la mzee mmoja aliyeitwa Saburi, mwanajeshi wa zamani. Asali haikuwa nyingi, na kwa fedha ile palikuwa na bunduki mbili tu za kuchagua. Moja ilikuwa kuukuu, kitako chake kimefungwa waya palipopasuka, haina chochote juu isipokuwa kile kinundu cha kulengea kwenye ncha ya mtutu. Ya pili ilikuwa inang'aa, na juu yake palikuwa na darubini ndefu nyeusi. Mihambo alichungulia katika darubini hiyo akaona kunguru aliyetua kwenye paa la mbali, akamwona mpaka manyoya ya shingo. Alikaa akimtazama kunguru yule muda mrefu.

Saburi akawapeleka nyuma ya duka, akaweka ubao, akailaza kila bunduki juu ya gunia la mchanga, akampa Ngole alenge. Ile kuukuu ilipiga kushoto, mbali na alama, lakini matundu yake yote yangeweza kufunikwa kwa kiganja kimoja. Ile ya darubini ilipiga moja katikati ya alama kabisa. Nyingine ikaenda juu, nyingine pembeni, nyingine haikuonekana hata ilikokwenda.

"Baba, tuchukue hii ya waya," Ngole akasema. "Matundu yake yanakaa pamoja."

"Yanakaa pamoja mahali pabaya," Mihambo akajibu. "Mwenzake amepiga katikati."

"Amepiga katikati mara moja."

Saburi naye akaingilia. "Mzee mwenzangu, binti anasema kweli. Hii inayopiga kushoto nikigonga kidogo kinundu chake, itarudi katikati na itakaa hapo. Ile nyingine inatawanya, na mimi dawa ya kutawanya sina. Nimeiweka dukani kwa sababu wako wanaopenda kioo."

Nyinyi mngefanyaje? Msinijibu haraka. Mihambo aliwaza kama wanavyowaza watu wengi wakiwa mbele ya mwenye duka: huyu akikisifu kikuukuu, basi ana hamu ya kukiondoa. Akawaza tena, na wazo hili ndilo lililokuwa chini ya yote: mwanangu ana jicho moja, na darubini ni jicho la pili. Akailipia ile inayong'aa. Ngole alinyamaza, kwa kuwa asali ilikuwa ya baba na baba alikwisha sema.

Wakarudi Itundwe, mazoezi yakaanza nyuma ya nyumba. Risasi ikienda kulia, Mihambo aliizungusha skrubu ya darubini kuirudisha kushoto. Ya pili ikienda juu, aliizungusha nyingine kuishusha. Hakuna siku mbili zilizofanana. Alikaza skrubu, akaifunga darubini kwa ukanda wa ngozi, akakifuta kioo kwa pamba. Kila risasi ilipopotea alimtazama binti yake usoni, akalitazama lile jicho lenye chamba, akageuka. Ngole aliiona namna ile ya kutazama. Mama alisema shangazi yake alizeeka akiwa bado anaikumbuka, na kwamba ilimuuma kuliko maneno yote ya kisimani.

Siku ya kulenga ikafika, asubuhi, jua likiwa bado la kadiri. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Mzee Katabi akaweka kibuyu juu ya kigingi, akaita, "Aliyenunua na asimame!" Mihambo akaenda, amevaa shuka yake safi, akasimama ubavuni.

Ngole akailaza bunduki begani, akatazama, akaishusha. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa. Aliiweka bunduki chini, akavuka uwanja mpaka kwa baba yake. Watu wakaanza kunong'ona.

"Baba, sogea mbali kidogo."

"Desturi hairuhusu, mwanangu."

"Basi ngoja nimwambie Mzee Katabi tuahirishe mpaka mwakani. Mimi siiamini bunduki hii."

Mihambo akatazama ule umati. Mbele kabisa alisimama Kaswiza, mdogo wake, ambaye tangu mwanzo alikuwa akisema kwamba kaka yake amerukwa na akili kumpa bunduki mtoto mwenye chongo.

"Ngole," akasema kwa sauti ya chini, "nimekukosea siku zote hizi. Nilikuwa nikilitazama jicho lako kwa mashaka, nawe ukaniona. Leo nikisogea hata hatua moja, watu wote hawa watasema baba yake mwenyewe hamwamini. Sisogei. Mimi nakuamini wewe. Rudi ukalenge."

Ngole akalia. Akamshika baba yake mkono, akauachia, akarudi.

Oneni basi jambo hili lilivyo zito. Mihambo alikuwa ameshinda kitu kigumu ndani ya moyo wake, amejifunza kumwamini mwanawe. Lakini alichopaswa kukitilia shaka hakuwa amekitilia shaka hata siku hiyo.

Risasi ya kwanza ilikwaruza kibuyu, watu wakapiga vigelegele. Ya pili ilimpata Mihambo chini ya mbavu.

Mama yangu alisema Mihambo hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu. Ngole ndiye aliyepiga ukelele, akaitupa bunduki, akamkimbilia, akamfunga jeraha kwa kanga yake. Wanaume wakambeba mpaka nyumbani wakamlaza kwenye kitanda chake. Daktari alikuwa mbali, mwendo ambao mtu mwenye jeraha lile hauwezi, na kila aliyeliona alijua.

Nje ya nyumba maneno yalikwisha kuwaka. "Jicho lile! Si tulisema?" Kaswiza akasimama mlangoni, akasema mbele ya wazee kwamba aliyemuua baba yake hawezi kutupa udongo kwenye kaburi lake, wala kulala tena Itundwe, kwa kuwa ataleta mkosi. Wako walioitikia. Ngole alikuwa ndani, ameketi sakafuni kando ya kitanda, na kila neno alilisikia.

Mihambo naye alilisikia. Akamwita Mzee Katabi.

"Katabi, nani mwenye macho mazuri kuliko wote katika chama chako?"

"Mimi," Katabi akasema, na hakuwa anajisifu.

"Chukua bunduki yangu. Ifunge kwenye gogo kwa kamba, isitikisike. Weka ubao. Lenga kwa darubini ile ile, kisha piga, na ukishapiga usiguse kitu, piga tena. Fanyia hapo uani nisikie. Halafu niletee ubao."

Wakafanya hivyo. Waliifunga bunduki kwenye gogo la mninga ambalo watu wanne hawakuweza kulisogeza. Katabi akalenga, akapiga, akapiga tena, na tena. Ilipokwisha, Katabi aliuendea ubao, akayatazama matundu. Kisha akaubeba kwa mikono miwili akaingia nao ndani, na Kaswiza akamfuata.

Mihambo hakuweza kuinua kichwa. Akaomba mkono wake uwekwe juu ya ubao, akaanza kupapasa. Tundu moja lilikuwa pembeni kabisa. Jingine lilikuwa juu. Alitafuta jingine akalikuta kwenye ncha ya chini ya ubao, mbali na wenzake.

"Kaswiza, upo?"

"Nipo, kaka."

"Weka na wewe mkono wako." Kaswiza akauweka. "Hapa hapana jicho la Ngole. Hapa pana jicho la Katabi, na gogo. Umeona?"

"Nimeona, kaka."

"Mtoto huyu aliniambia dukani, aliniambia na uwanjani. Mimi nilidhani kasoro iko kwenye jicho, nikanunua jicho jingine. Kasoro ilikuwa kwenye chuma." Akapumzika, wakadhani amemaliza. Kisha akasema kwa sauti ambayo mpaka waliokuwa uani waliisikia: "Darubini hainyooshi mtutu. Waambieni watu wote. Asisemwe mwanangu."

Akageuza uso upande aliokuwa Ngole, akaomba maji. Ngole akamnywesha kwa kata. Jua lilipopinda alifariki, mkono wake ukiwa kichwani pa bintiye.

Wakamzika kesho yake. Kwa desturi yetu udongo wa kwanza ni wa mtoto wa marehemu, na ndugu wa marehemu ndiye humkabidhi jembe. Watu walikuwa wamejaa, na wengi wao walikuwa wamesikia maneno ya mlangoni kuliko walivyosikia yale ya chumbani. Ngole alisimama mbali, nyuma ya wanawake, hakuthubutu kusogea. Kaswiza akashika jembe. Kila mtu alimtazama amwone atampa nani.

Hakuita jina. Aliwapita wanaume, akawapita wanawake, wakawa wanampisha, mpaka akafika alipo Ngole. Akapiga magoti mbele yake, mtu mzima yule, baba yake mdogo, akamnyooshea jembe kwa mikono miwili. Alitaka kusema nisamehe, mama alituambia, lakini neno halikutoka. Lililotoka ni lile la kaka yake.

"Darubini hainyooshi mtutu," akasema.

Ngole akalipokea jembe, akaenda kumzika baba yake.