Maji ya Kwao Nakundwa

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya wanyama kusema, Nakundwa aliolewa kutoka milima ya Upare akashuka tambarare. Mumewe, Mbonea, alimpenda sana. Ila ini la Nakundwa lilikuwa na homa ya siku nyingi, limekakamaa, na tumbo likimjaa maji.

Daktari akamwambia Mbonea: "Kuna homa ya ini nyingine, ya maji machafu. Wewe ikikupata utaugua, utapona. Mkeo hataiweza. Chemsheni kila tone."

Mbonea akachemsha. Mwaka wa kwanza akachemsha, wa pili akachemsha, wa tatu akachemsha. Nakundwa akanywa, na kila akinywa akaikumbuka chemchemi ya kwao, ubaridi wake unaouma meno. Kupanda mlima hakuweza tena. Kwao hawakujua kuwa anaumwa. Alikataza wasiambiwe, mama asije akafa kwa wasiwasi.

"Niletee kikombe kimoja tu," akamwomba mumewe. "Hamu itaniua kabla ya ini."

Mbonea akapanda. Huko juu shemeji yake, Senkondo, kaka wa Nakundwa, akamjazia galoni. Senkondo alijua kuna choo kimechimbwa upande wa juu wa chemchemi, na kwamba watoto wa kijiji walikuwa wamegeuka macho kuwa ya manjano. Lakini wote walipona, basi akanyamaza. Nani ayatie aibu maji ya kwao mbele ya shemeji?

Nyumbani Mbonea akawasha jiko. Nakundwa akaangua kilio: "Ukiyachemsha yatakuwa maji ya huku. Mkataa kwao mtumwa, mume wangu."

Mbonea akazima jiko. Nakundwa akanywa, akacheka, akalala usingizi ambao hakuupata miaka mitatu.

Wiki ya nne macho yakawa manjano. Akili ikamruka, akawa anamwita mumewe "mama". Akafa.

Matangani Senkondo akasema: "Nilijua choo, sikujua ini. Mngeniambia!"

Mbonea akasema: "Nilijua ini, sikujua choo. Ungeniambia!"

Mama mtu akasema: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miaka mitatu namngoja aje, kumbe hawezi kupanda. Si ningeshuka mimi?"

Haya, mnaonisikiliza: je, nani alistahili lawama? Aliyenyamaza, aliyezima jiko, au marehemu aliyeficha? Msinijibu upesi. Umpendaye akikulilia kikombe kimoja tu cha maji ya kwao, wewe usingelizima lile jiko?