Benchi la Bi Zamoyoni

Hapo zamani, katika mji nisioutaja kwa sababu wenyewe wangali hai, walikuwako watu wa maji ya kunde na watu weusi, na zahanati ilikuwa moja. Barazani palikuwa na benchi. Mganga aliita waliokaa, hakuita waliosimama, na weusi hawakuruhusiwa kukaa, walisimama juani. Basi Bi Zamoyoni binti Feruzi, mweusi, akakaa. Akapigwa. Akarudi, akakaa. Akapigwa. Mara ya nne wakachoka wao, amri ikabadilishwa: kila mtu akae.

Alipokufa mji mzima ulilia, na waliompiga ndio waliolia kwa sauti kubwa zaidi. Benchi likapakwa rangi, likazungushiwa kamba, likawekewa mlinzi. Mtu asilikalie, ni la kumbukumbu. Wa maji ya kunde wakaletewa viti vyao ndani. Weusi wakarudi juani, safari hii kwa heshima ya marehemu. Msinitazame hivyo, mimi nasimulia tu.

Siku ya kumkumbuka, mwenyekiti wa mji akihutubia hapo hapo mbele ya baraza kwamba ubaguzi umekwisha, Faida, mama kijana mweusi, alikuwa amesimama tangu alfajiri, mtoto anachemka, macho yamegeuka. Akapita chini ya kamba, akakaa. Mlinzi Mabruki, mjukuu wa Bi Zamoyoni mwenyewe, akainua fimbo. Faida akamwambia, "Kaka, nipige, lakini mtoto mpeleke ndani kwanza." Mabruki akaitupa fimbo, akafukuzwa kazi papo hapo. Mganga hakuita mtu, alikuwa anapigia hotuba makofi. Ndipo muuguzi Nargisi, wa maji ya kunde, akamnong'oneza Faida ainuke, wapite mlango wa nyuma wasionekane. Faida akainuka. Mtoto akapewa dawa, akapona.

Habari zikavuja. Mji ukaona aibu, ukatangaza kwamba benchi atapewa mtu mmoja, aliyemrithi Bi Zamoyoni kweli, alifanye atakavyo.

Faida akasema yeye ndiye aliyekaa. Wakamkumbusha kwamba aliinuka, na Bi Zamoyoni hakuinuka kamwe.

"Nikae mtoto afe?" akauliza.

Nargisi akasema mtoto yu hai kwa mkono wake.

"Kwa mlango wa nyuma, dada," Mabruki akamwambia. "Bibi yangu alipigwa ili tusipite huko."

"Na wewe umefukuza wajawazito wangapi hapa, miaka saba?" Nargisi akamrudishia.

"Wengi. Lakini nyie wawili mmerudi na vyenu, huyu na mtoto, wewe na kazi; mimi nimerudi mikono mitupu."

Wakabishana mpaka mwenyekiti akaamua kwamba, mji ukiwa bado unafikiri, kamba ibaki.

Basi ninyi mliokaa vizuri mkinisikiliza, semeni upesi, maana wagonjwa bado wamesimama: aliyekaa akainuka, aliyetibu kwa kificho, na aliyefukuza miaka saba akaacha siku moja, je, nani kati yao apewe benchi?